Suti ya Gatsby: Je, Rangi ya Waridi ni ya Kike?

Sisi wahakiki wachanga tuna ugonjwa mmoja ambao nadhani tuliambukizwa tangu sekondari: ugonjwa wa jedwali la rangi. Nyeusi ni huzuni, nyekundu ni damu au mapinduzi, nyeupe ni usafi wa moyo, kijani ni rutuba. Ukikutana na rangi katika riwaya au shairi unakwenda kwenye jedwali, unachomoa maana, unaibandika, kisha unahamia swali la pili. Na katika jedwali hilo rangi ya waridi, yaani pinki kama tuisemavyo mabwenini, imeandikiwa neno moja tu: mwanamke. Makala haya yanahusu namna jedwali hilo lilivyonitia aibu mbele ya wenzangu, na yale niliyoyaona niliporudi kitabuni.

Kitabu chenyewe ni The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925. Katika semina yetu ya fasihi linganishi nilipewa sura ya saba niieleze kwa Kiswahili. Kwa asiyeisoma: Jay Gatsby ni mtoto wa wakulima maskini aliyetajirika kwa magendo, akanunua jumba ng'ambo ya ghuba ili tu aishi akitazamana na nyumba ya Daisy, mwanamke aliyempenda kabla ya kupelekwa vitani. Daisy sasa ni mke wa Tom Buchanan, tajiri wa kurithi. Siku ile ya joto kali ambapo mambo yote yanaharibika, Gatsby amevaa suti ya rangi ya waridi. Mimi nikasimama, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba msanii ametumia rangi hiyo kuonyesha "udhaifu wa kike" uliomo ndani ya Gatsby, mwanamume anayelilia mapenzi, ilhali Tom ni dume kamili. Watu wakacheka kidogo, nami nikadhani wanakubali. Ndipo dada mmoja akanyoosha mkono: "Ndugu mtoa mada, ni nani humo kitabuni anayesema hivyo?"

Nikapekua kurasa. Hakuna.

Anayeisema suti hiyo kwa kinywa chake ni Tom. Wamo garini, tena gari la Gatsby mwenyewe, Tom ndiye dereva, na msimulizi Nick yumo pamoja na Jordan Baker, yule dada mcheza gofu. Tom anatamba kwamba amechunguza historia ya Gatsby. Jordan anamchokoza: bila shaka umegundua kwamba alisoma Oxford. Tom anapandwa na hasira. Haiwezekani! Na ushahidi wake ni upi? Suti ya waridi. Mtu wa Oxford havai suti ya rangi hiyo. Jordan anashikilia kuwa alisoma, na Tom anamalizia kwa dharau kwamba labda ni Oxford ya huko New Mexico.

Hebu tumtazame msemaji. Tom amesawiriwa kama mwili kwanza na akili baadaye. Alikuwa mcheza mpira wa Kimarekani chuoni, anafuga farasi wa polo, katika sura ya pili anampiga hawara yake Myrtle hadi kumvunja pua, na kila akipata nafasi anahubiri ubora wa watu weupe. Gatsby anamnyang'anya mke, naye amekwishahisi. Saa chache baadaye, katika chumba cha hoteli ya Plaza, atamvua Gatsby nguo zote kwa maneno: mwuza pombe haramu, mtu asiye na kwao. Mtu wa namna hii, mwenye wivu wa namna hii, akiwa na mbele yake mwanamume aliyevaa rangi ambayo "kwa asili" ni ya kike, angeacha kumwita mwanamke? La hasha! Tusi hilo lingekuwa limelala njiani, la kuinama tu na kuokota. Tom halioni. Kwake yeye suti ile inasema jambo jingine kabisa: huyu si wa kwetu. Huyu ni mshamba mwenye pesa.

Ni tusi la tabaka, si la jinsia. Na msanii amelitegea mtego, kwa sababu Gatsby kweli alisoma Oxford, japo kwa miezi mitano tu mwaka 1919, nafasi waliyopewa baadhi ya maofisa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo Tom amekosea kuhusu cheti lakini hakukosea kuhusu tabaka. Matajiri wa kurithi wanajua kanuni ambazo hazikuandikwa popote, na Gatsby, aliyejifunza utajiri kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni ukubwani, amekosea lafudhi. Hapo ndipo suti inapofanya kazi katika dhamira ya riwaya. Mimi niliyekazania jinsia niliupita utabaka mlangoni bila kuubishia hodi.

Nakubali kwamba kunyamaza kwa mhusika si ushahidi kamili. Mtu anaweza kusema kwamba wasomaji wa wakati ule walijua tu, hata bila kuambiwa. Basi tuwatazame hao wasomaji. Mwaka 1918, miaka saba kabla ya riwaya, jarida moja la Marekani la wafanyabiashara wa nguo za watoto, Earnshaw's Infants' Department, liliwaeleza wenye maduka kwamba waridi ni ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu zaidi, na buluu ni ya wasichana kwa kuwa ni laini. Mwaka 1927, miaka miwili baada ya riwaya, gazeti la Time liliorodhesha maduka makubwa ya miji ya Marekani na rangi ambayo kila moja liliuza kwa jinsia ipi. Majibu yaligawanyika. Chicago walisema hivi, kwingine wakasema vile. Riwaya yetu imekaa katikati kabisa ya ubishi huo.

Hapa nijihadhari, maana ni rahisi kuvunja jedwali moja na kuchonga jingine. Mwanahistoria Jo Paoletti, ambaye kitabu chake kuhusu waridi na buluu kilitoka mwaka 2012, ndiye aliyeyasambaza sana mambo haya, na watu wakayarahisisha wakasema zamani ilikuwa kinyume: waridi ya kiume, buluu ya kike, kisha dunia ikapinduka. Mwaka huohuo Marco Del Giudice akawapinga akisema mapinduzi hayo yametiwa chumvi. Fasihi yenyewe inamuunga mkono kwa kiasi. Katika sehemu ya pili ya Little Women ya Louisa May Alcott, iliyotoka mwaka 1869, kuna mapacha waliozaliwa, mvulana na msichana, na shangazi yao Amy amemfunga mvulana utepe wa buluu na msichana utepe wa waridi. Lakini angalia sababu inayotolewa: ni mtindo wa Kifaransa, na faida yake ni kwamba utawatofautisha. Jambo la asili halihitaji kuelezwa kuwa ni mtindo wa Wafaransa. Utepe umefungwa kwa sababu watoto wenyewe, usoni, hawakuonyesha lolote. Aidha, nguo za watoto wachanga si suti za watu wazima, na sitaki kuulazimisha utepe wa pacha utufasirie Gatsby. Ninachosema ni kidogo: mwaka 1925 hapakuwa na maana moja ya kike iliyokuwa imekaa ndani ya rangi hii ikimsubiri Fitzgerald aichukue.

Wenzangu wawili hawakuridhika, na hoja yao ilikuwa nzuri kuliko mada yangu. Walisema: mbona waridi inamfuata Daisy? Ni kweli. Katika sura ya tano anatazama mawingu ya waridi na dhahabu juu ya bahari, akatamani kuchukua moja, amweke Gatsby ndani yake na kumsukumasukuma. Usiku wa ajali, dirisha la chumba chake ghorofani linatoa mwanga wa waridi. Basi suti ile, wakasema, ni Gatsby aliyejivika mwanamke anayemwota.

Niliipenda hoja hii kwa siku mbili nzima, mpaka nilipoanza kuhesabu nguo. Daisy anavaa nyeupe. Tunapokutana naye mara ya kwanza yeye na Jordan wamevaa nyeupe. Katika joto la sura ya saba, nyeupe tena. Hata katika masimulizi ya usichana wake huko Louisville, gauni jeupe na gari jeupe. Anayevaa waridi mwilini ni mwanamume. Na ile rangi ya nyumbani kwa akina Buchanan haianzii kwenye dirisha la Daisy. Nick anapoingia humo sura ya kwanza anakaribishwa katika chumba kilichojaa mwanga wa waridi, na chumba hicho ni cha Tom vilevile. Tom analala, anakula na kugombana ndani ya rangi hiyohiyo anayoidharau mgongoni kwa Gatsby. Ikiwa ni mwanga juu ya kuta za urithi, ni uzuri. Ikishonwa suti na kuvaliwa na mtu wa jana, ni ushamba. Rangi ni moja. Kilichobadilika ni mwenye nayo.

Tena kuna macho ya Nick, ambayo katika semina sikuyagusa kabisa, na naona hiyo ndiyo hasara kubwa. Usiku wa ajali Nick anamkuta Gatsby amejificha vichakani akilinda nyumba ya Daisy, na kitu pekee kinachomjia akilini ni jinsi suti ile inavyong'aa mbalamwezini. Asubuhi yake wanaagana. Suti ni ileile, haijavuliwa, sasa ni kama tambara, lakini tambara zuri linalowaka mbele ya ngazi nyeupe. Ni hapo ambapo Nick anamwambia kwamba yeye peke yake anawazidi wale wote wakiwekwa pamoja. Nguo moja, siku moja na usiku wake: Tom anaona ushamba, Nick anaona kitu kinachokaribia utukufu. Hakuna kati yao anayeona uke.

Sasa mimi niliuona wapi? Nilirudi kwenye daftari nilimoandika tafsiri yangu. Niliandika "suti ya waridi". Sikuandika hata "ya rangi ya waridi". Nadhani kosa liliingilia hapo, kwenye lugha yetu wenyewe. Sisi rangi hii tumeiita kwa jina la ua, na ua hilo katika ushairi wetu wa mapenzi limebeba binti kwa muda mrefu sana, kiasi kwamba mshairi akitamka waridi msomaji amekwishamwona mpendwa na kusikia harufu yake. Kwa hiyo nilimvisha Gatsby ua, kisha nikashangaa kumwona ananukia. Wanaosema "pinki" nao hawasalimiki, maana neno hilo linakuja na maduka ya watoto ya leo na lile boksi la Barbie. (Hata pink ya Waingereza ilikuwa ua kabla ya kuwa rangi, na Mercutio wa Shakespeare, kijana wa panga na matusi, anajiita ua hilo la adabu bila haya yoyote.)

Na bado hata waridi letu si la wanawake peke yao. Katika maulidi huku pwani mrashi unapitishwa, wanaume waliokaa mkekani wananyunyiziwa marashi ya mawaridi viganjani, na sijasikia mzee aliyekataa kwa kuwa atanuka kike. Wanaume wa Oman, ambako milima ya Jabal Akhdar inasifika kwa marashi hayohayo, wanafunga vilemba vya rangi nyingi, waridi ikiwamo. Kule Italia anayeongoza mbio za baiskeli za Giro anavishwa fulana ya waridi tangu mwaka 1931, eti kwa sababu tu gazeti la michezo lililoanzisha mbio hizo linachapwa kwenye karatasi ya rangi hiyo. Karatasi, jamani.

Nilidhani nimemaliza. Nikamwendea yule dada aliyeniuliza swali, nikamweleza yote haya kwa fahari, kwamba nimemsafisha Gatsby, suti yake si ya kike hata kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka, rangi umeichunguza. Na lile neno la kwanza je?" Sikumwelewa. "Ulisema udhaifu wa kike. Umetumia wiki mbili kuuliza kama waridi ni ya kike. Hukuuliza hata dakika moja kama ya kike ni dhaifu."

Kusema kweli sikuwa na jibu, na sina la kupamba hapa. Katika riwaya nzima hakuna mwanamume anayelia juu ya nguo. Daisy analia juu ya mashati ya Gatsby, na wahakiki tumezoea kuyaita machozi hayo udhaifu. Lakini ni Daisy anayebaki hai, tajiri, ameondoka mjini bila kuacha anwani, na ni dume kamili Tom anayehitaji mtu mwingine amuulie adui. Nilipokuwa namsafisha Gatsby nilikuwa nafanya kazi ambayo Tom mwenyewe hakuifanya: nilichukulia uke kuwa uchafu wa kuondolewa kwenye suti. Wale waliocheka semina ile walikuwa wanacheka nini, sijui. Mimi nilikuwa nawachekesha kwa kitu gani, hilo sasa nalijua.

Tafsiri nimeirekebisha. Sasa inasema "suti ya rangi ya waridi", neno refu kidogo lakini ua limesogea nyuma. Mada ya semina nitaiandika upya kabla ya mtihani, nikianzia garini, kwa Tom na Oxford yake ya New Mexico.