Ratiba Inayofuata Mvua

Januari ndio mwezi wa blanketi Kangundo, katika kaunti ya Machakos, Kenya. Mvua za vuli, zinazoanza Oktoba na kukatika Disemba, zimeshajaza matangi, na jua limerudi kwa ukali wake. Maji yapo na jua lipo, na mwaka mzima viwili hivyo havikutani tena vikiwa tele namna hiyo. Anayeijua kazi ya usafi hauachi mwezi huu upite. Blanketi walizolalia wageni wa Krismasi, mapazia mazito, mazulia na vitambaa vya makochi hutolewa nje, hufuliwa na kuanikwa asubuhi, na kufikia jioni vimekauka hadi kwenye pindo. Blanketi hiyohiyo ikifuliwa Julai, baridi na mawingu yakiwa yametanda juu ya milima ya Kanzalu, itashinda kambani siku mbili na bado irudi kitandani ikinuka uvundo.

Hesabu ya aina hiyo ndiyo kiini cha ufundi ambao wengi hawauhesabu kuwa ufundi. Kusafisha huchukuliwa kuwa kazi ya mikono na magoti tu. Kupanga usafi wa mwaka mzima, uwe wa nyumba, wa duka, wa hoteli au wa shule, ni kazi ya kichwa. Humtaka mtu ajue maji yatapatikana lini, vumbi litavuma miezi ipi, wageni watafika lini, mavuno yataingia ghalani wakati gani, na kazi gani itangulie nyingine ili isiharibiwe nayo. Mwenye ujuzi huo anastahili heshima ileile anayopewa fundi wa kujenga au mpishi wa harusi.

Ratiba nyingi za usafi zinazosambazwa zimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Waingereza walizoea kupindua nyumba nzima majira ya baridi yanapokwisha, na walikuwa na sababu nzuri: miezi kadhaa ya moto wa makaa ya mawe, madirisha yakiwa yamefungwa, iliacha masizi kwenye kila ukuta na kila kitambaa. Wairani husafisha nyumba zao kabla ya Nowruz, mwaka mpya unaoingia karibu na tarehe 20 au 21 Machi. Wajapani hufanya usafi wao mkuu mwisho wa Disemba. Kila taifa limeufunga usafi wake kwenye jambo lake. Sasa, mtu wa Kangundo akitoa mazulia nje katikati ya Machi kwa kuwa ameona kalenda ya kizungu ikisema hivyo, atayaanika wakati mvua za masika zinakaribia kufunguka, na wiki chache baadaye matope mekundu yataingia nyumbani kwa viatu vya kila anayepita. Amejiongezea kazi bila faida.

Ukambani, nchi ya Wakamba ilimo Kangundo, kuna misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, na ni ile ya vuli ambayo mkulima huitegemea zaidi. Msafishaji naye aitegemee hiyohiyo. Mwaka wake, ukitazamwa vizuri, hauanzi Januari. Huanza mwisho wa Septemba, juu ya paa.

Tangu Juni kiangazi kimekuwa kikirundika vumbi juu ya bati. Majani ya migrevilea yamejaa kwenye mifereji, ndege nao wamefanya yao. Mvua ya kwanza ya Oktoba itayasukuma yote hayo moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo ngazi huegemezwa ukutani kabla haijanyesha. Majani huzolewa kwa mkono yangali makavu, maana yakilowa huwa uji mzito unaong'ang'ania pembe za mfereji. Bati hufagiliwa kuanzia mgongo wa paa kushuka, kisha ndipo hukaguliwa mahali ambapo mfereji umelegea au umeota kutu.

Tangi nalo limekaribia kukauka, na hiyo ndiyo nafasi ya pekee ya kulisugua bila kumwaga maji ya thamani. Chini hukutwa tope laini, jekundu, lililotulia huko msimu baada ya msimu bila yeyote kulisumbua. Huchotwa kwa kikombe na ndoo, mabaki yakafutwa kwa kitambaa. Kuta husuguliwa kwa brashi mpya, ambayo haijawahi kugusa choo wala sakafu. Hufuata maji yenye klorini, huachwa kwa muda yafanye kazi yake, kisha husuuzwa. Mtu wa pili hukaa mdomoni mwa tangi akizungumza na aliye ndani muda wote, kwa sababu hewa humo ni haba na harufu ya klorini ni kali. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani. Mvua ikija, maji ya mwanzo huachwa yaoshe bati na kupotea ardhini. Bomba huunganishwa na tangi baada ya hapo.

Mvua hiyo pia huleta kumbikumbi. Usiku mmoja taa ya baraza ikiachwa inawaka, asubuhi kizingiti kizima kimefunikwa na mbawa. Ufagio mkavu huzirusha hewani na kuzirudisha sebuleni. Kitambaa kilicholowa kidogo huzikusanya kwa mara moja. Aliyepanga vizuri hakuandika kupaka milango rangi wiki hizo.

Ghala lina kalenda yake, na hapa ratiba ya usafi huwa jambo la uhai. Mahindi yaliyopandwa Oktoba huvunwa karibu na Februari, na ya masika Julai hadi Agosti. Kabla ya kila mavuno, kila kitu hutolewa nje: punje za zamani zilizojibana kwenye nyufa, magunia yenye unga wa wadudu, mabaki ya pembeni. Humo ndimo fukusi na dumuzi hungoja chakula kipya. Hatari si wadudu peke yao: kati ya Januari na Juni 2004, watu 317 waliugua kutokana na sumukuvu, sumu ya kuvu wa nafaka, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameweka nyumbani mahindi yenye unyevu. Ufagio hauondoi sumukuvu, na hakuna anayepaswa kudanganywa kuhusu hilo; mahindi lazima yakaushwe barabara. Hata hivyo, tundu kwenye bati lililo juu ya magunia huonwa na aliyeingia ghalani kufagia, akiwa na nafasi ya kuinua macho. Aliyeingia kuchota debe moja la kusaga hana nafasi hiyo. Kuandika "ghala" kwenye Januari na tena kwenye Juni ni kazi ya dakika moja, na ni vigumu kupata dakika iliyotumiwa vyema kuliko hiyo.

Anayetaka kuona usafi ukipangwa kwa saa aende kwenye kiwanda cha kahawa cha ushirika wakati wa mavuno. Wakulima wadogo wa milima ya Kangundo wamekuwa wakikuza kahawa tangu miaka ya 1950, na matunda mekundu wanayoleta humenywa siku hiyohiyo, huchachushwa kwenye matangi, huoshwa mferejini na kuanikwa kwenye meza za waya. Mashine ya kumenya ikifungwa bila kuoshwa, punje chache hubaki zimekwama ndani yake. Kesho zitachanganyika na kahawa mpya zikiwa zimechacha kupita kiasi, na mwonjaji wa kahawa atazitambua kikombeni. Punje hizo chache zinaweza kushusha bei ya jasho la kijiji. Ndiyo maana kiwandani kuosha mashine ni sehemu ya kazi ya kutengeneza kahawa, na haiachwi hata usiku ukiwa umeingia na watu wamechoka. Ukarabati na usafi mkubwa wa matangi na mifereji huwekwa kwenye miezi ambayo hakuna matunda.

Kwa wenye biashara mjini, sheria imekwisha kuandika sehemu ya ratiba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka uchafu uondolewe kila siku kwenye sakafu na meza za kazi, sakafu isafishwe angalau mara moja kwa wiki, na kuta na dari zioshwe au zipakwe chokaa upya angalau mara moja kila miezi 12. Mhudumu wa hoteli anayeshika chakula hutakiwa kupimwa afya kila miezi 6. Wengi huyakumbuka haya pale bwana afya anaposimama mlangoni, na hapo dari yenye masizi ya mwaka mzima haioshwi kwa asubuhi moja.

Sheria inasema kila miezi 12. Haisemi mwezi gani. Hapo ndipo ujuzi wa mahali unapohitajika. Jiko la hoteli, lenye mafuta yaliyoganda hadi kwenye boriti, lina nafasi nzuri Januari, maji yakiwa tele, wateja wakiwa wamepungua kwa sababu pesa zimeenda kwenye karo. Kinu cha kusaga, ambacho vumbi la unga hulala juu ya kila ubao wake na kulisha wadudu, hufagiwa kikavu kutoka darini kila wiki na kusafishwa kwa kina kabla ya foleni za mavuno. Kuta za duka huoshwa Juni: maji ya masika yangali tangini, na ukuta, tofauti na blanketi, hauhitaji jua kali ili ukauke. Shule hufanya yake wanafunzi wakiwa likizo, ili rangi na dawa za choo zipate siku za kutoa harufu.

Ndani ya kila zamu mna utaratibu mwingine, mdogo lakini mkali. Kazi hutoka juu kwenda chini, kwa sababu utando wa buibui ukianguka juu ya sakafu iliyopigwa deki, deki imekuwa bure. Kufagia hutangulia maji. Chumba cha kulala hutangulia jiko, jiko hutangulia choo, na kitambaa cha choo huwa na rangi yake ili kisije kikafuta meza. Dawa ya klorini haichanganywi kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Anayebeba elimu hii yote mara nyingi ni mama fua. Hubisha hodi asubuhi, hukubaliana bei ya siku, hufua, hupiga deki na kuondoka bila kujua kama wiki ijayo ataitwa. Amri za serikali za mishahara ya chini humweka msafishaji kundi moja na kibarua asiye na ujuzi, na hilo ni kosa la kutazama mikono peke yake. Nyumba 4 na maduka 2 yakikubaliana naye mwanzoni mwa mwaka, paa la huyu na matangi ya wale Septemba, blanketi za wote Januari, naye hupata mwaka unaoonekana: anajua mwezi upi atalipa karo na mwezi upi atapumzika. Wakamba hawahitaji kufundishwa namna ya kupanga kazi hivyo. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, hasa vya wanawake, vilichimba matuta ya Machakos kwa zamu, shamba hili leo na lile kesho, na kazi ilifanywa kiangazi ili mvua ikute matuta yako tayari. Mpango wa namna hiyo unaweza kabisa kuhamia kwenye paa, matangi na ghala za majirani.

Tarehe zote hizi ziandikwe kwa penseli. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa kunyesha ipasavyo kwa misimu 5 mfululizo katika maeneo makame ya Kenya. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na Aprili 2024 nchi ikakumbwa na mafuriko. Mwaka wa ukame ratiba hukatwa, na ni vyema ikubaliwe mapema itakatwa wapi. Mazulia hupigwa kwa fimbo bila kuoshwa. Mapazia husubiri. Kuta hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yaliyosuuza nguo hupiga deki, na yaliyopiga deki humwagwa chooni. Vyombo vya jikoni, mtungi wa maji ya kunywa na maji ya kunawia mikono kando ya choo havipunguziwi hata kikombe kimoja.