Bustani Ipimwe Septemba

Mwezi Machi kila ua wa Shinyanga una bustani. Mvua zilianza Novemba, zikapumzika kidogo katikati, zikarudi, na hata mchicha ulioota wenyewe kando ya njia umefika kiunoni. Ukipita Ibinzamata au Ndala siku hizo ukasifia bustani ya mtu, unaisifia mvua. Anayetaka kujua nani hasa ana mkono wa bustani asubiri Septemba, vumbi linapotimka na ng'ombe wanaposwagwa mbali kutafuta maji. Bustani iliyo kijani wakati huo ndiyo ya kusimama na kutazama.

Kipimo hiki Wasukuma wanacho tangu zamani. Ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa masika ili nyasi zibaki zimesimama, thamani yake huonekana mwishoni mwa kiangazi, ndama na ng'ombe dhaifu wanapofunguliwa waingie. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 baada ya miti kufyekwa kwa miaka mingi ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ulisimama juu ya desturi hiyohiyo. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Mwenye bustani ya uani anafanya kazi ya namna ileile katika eneo la hatua chache.

Ukikaribishwa, anza na matuta, majani baadaye. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, maji hayakai. Huko tuta zuri huchimbwa chini kuliko njia, kingo zikainuliwa, samadi ikamwagwa kwa wingi. Kwenye mbuga, ule mfinyanzi mweusi, mambo hugeuka. Masika unavimba na kuzamisha mizizi, kwa hiyo tuta liinuliwe. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na fundi anayejua huzijaza pumba na samadi kabla hazijakata mizizi. Ukikuta umbo moja la tuta kila mahali bila kujali udongo, ujue mwenyewe ameiga alichokiona kwa jirani.

Kisha funua matandazo kwa mkono, saa nane mchana, jua likiwa kali. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Juu pumba ni kavu na moto. Chini yake kidogo zimeanza kuoza, zimekuwa nyeusi, zinashikana. Chini zaidi udongo uwe wa baridi, na kidole kikizama kidogo tu kitoke na unyevu. Pumba za mpunga ni neema ya ukanda huu. Mashine za kukoboa za Kahama na Shinyanga zina vilima vyake, na vingi huishia kuchomwa moto. Nyasi kavu nazo hufaa, ila huita mchwa, basi angalia mashina: vikionekana vichuguu vyembamba vya tope vikipanda kwenye shina, matandazo yamesogezwa karibu mno na mmea.

Ukikuta ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na anayemwagia kidogo kidogo kila siku huacha maji yakauke juu na chumvi ibaki. Dalili yake ya pili ni kingo za majani zilizoungua kahawia. Mtunzaji mzuri humwagia jioni, maji yazame hadi mizizini, kisha huacha siku ipite. Samadi yake haina harufu ya kuchoma pua; imekaa nje ya zizi hadi ikapoa, na ukiifikicha inamomonyoka.

Kuhusu maji yenyewe, tangu mwaka 2009 bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, limeleta Shinyanga na Kahama maji ambayo wazazi wetu hawakuyaota. Ndiyo maana sasa tunaona paspalamu mbele ya nyumba na waridi kando ya baraza. Nafurahia kuziona. Ila bustani inayoishi kwa mpira wa bomba peke yake siiweki daraja la kwanza. Ninatafuta maji yaliyofanya kazi mara mbili: ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo, ya bafuni. Mgomba uliopandwa panapotokea maji ya bafu ni akili kubwa kwa gharama ndogo. Sifa ya juu zaidi naitunza kwa mtungi wa udongo uliozikwa hadi shingoni katikati ya tuta, umejazwa na kufunikwa. Maji hupenya polepole kwenye kuta zake, mizizi ikaufuata na kuukumbatia, na jua halipati chochote cha kukausha.

Tamaa ya kupanda visivyozoea hapa ni jambo la kuheshimu, mradi mpanzi ameuandalia mmea makazi. Waridi liwe upande wa mashariki wa ukuta, lipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Majani ya mgomba yasiwe yamechanika nyuzi nyuzi. Yakiwa mazima, ujue uzio wa minyaa upande wa upepo unafanya kazi yake. (Utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho, watoto wasichezee.) Nyanya za Septemba zinastahili heshima ya pekee. Geuza jani utazame chini: utando mwembamba ni utitiri mwekundu, na michoro ya mabaka iliyochimbwa ndani ya jani ni kantangaze. Mwenye nyanya safi kipindi hicho hakubahatisha.

Lakini usipitwe na mboga za kienyeji kwa sababu hazina mbwembwe. Mgagani, mnavu, mlenda na kunde vinapoachwa vichache vikomae, mwenyewe anajitunzia mbegu. Uliza pia kama ndani kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Kwangu mimi, bustani ya Shinyanga inahesabiwa pamoja na kilichomo ndani ya chungu cha akiba.

Geita ni habari nyingine. Mvua ni nyingi zaidi na ardhi husamehe mengi, kwa hiyo ukijani hauthibitishi kitu. Huko swali la kwanza liwe udongo umetoka wapi. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, mchanga wa marudio, yaani mabaki yanayotupwa baada ya dhahabu kutolewa, uko karibu, ni laini, na hupatikana bila shida. Kuna kishawishi cha kuuchota kujazia viroba na matuta. Una zebaki, na ule uliopitia kwenye matangi ya kuchenjulia una mabaki ya sayanaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini zebaki iliyokwisha kuingia ardhini haiozi. Moshi wa kuchomea dhahabu nao hutua juu ya majani, na mboga za majani ndizo hunasa zaidi. Kwa hiyo tazama mwalo wa kuoshea dhahabu uko umbali gani, maji yake yanatiririkia wapi, na dhahabu huchomewa wapi. Mwenye bustani bora wa Geita hukujibu maswali hayo kabla hujamaliza kuuliza. Tuta lililojazwa marudio halina daraja, hata mchicha wake ukiwa na majani mapana kama sahani. Usiule, na mwambie mwenyewe asiwalishe watoto.