Kivuli Katika Kijumba: Taa za Karatasi na Hoja ya Tanizaki

Mwandishi wa Kijapani Jun'ichirō Tanizaki (1886–1965), alipoandika insha yake mashuhuri ya kusifu vivuli, In'ei Raisan, iliyotoka mwaka 1933 na 1934, hakuanza na mwezi wala maua. Alianza na nyaya. Alieleza taabu ya mtu anayetaka kujijengea nyumba ya Kijapani halisi, kisha akawa hana budi kutafuta pa kuficha nyaya za umeme, mabomba na simu. Katika malalamiko hayo ya mjenzi ndimo ilimozaliwa hoja kubwa: kwamba uzuri wa vyombo, kuta na nyuso za Japani ulilelewa na mwanga hafifu, na kwamba taa kali huuvua uzuri huo stara yake.

Taabu ile ile huwakuta leo watu wa fani nyingine, nayo ni fani ya vijumba vya wanasesere. Kipimo chao cha kawaida ni moja kwa kumi na mbili. Mkeka mnene wa tatami, ambao urefu wake hukaribia sentimita 182 na upana wake 91, huwa sentimita 15 kwa 7 na nusu. Taa ya andon, yaani fremu ya vijiti iliyovikwa karatasi, ambayo zamani ndani yake uliwaka utambi katika kisahani cha mafuta, hushikika kwa vidole viwili. Katika kijumba cha mtindo wa Kizungu nyaya hupitishwa nyuma ya karatasi za ukutani, zikasahaulika. Nyumba ya Kijapani haina huruma hiyo. Nguzo zake huonekana, milango yake ya karatasi huteleza, na kuta zake ni nyembamba. Fundi hulazimika kuchimba mfereji chini ya mikeka, au kutoboa nguzo moja kutoka sakafuni hadi darini, apitishe humo uzi wa shaba mwembamba mithili ya unywele. Ukurasa wa kwanza wa Tanizaki umerudi, ila umepunguzwa mara kumi na mbili.

Je, kazi hiyo ihakikiwe kwa kigezo gani? Aghalabu watazamaji husifu udogo wenyewe: tazama kisahani, tazama kijiti! Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kama isivyotosha kumsifu mshairi kwa kutimiza mizani. Haiku huhesabiwa mizani kumi na saba, na mshororo uliozoeleka wa shairi la Kiswahili kumi na sita. Kuhesabu ni sharti la ushairi, si ushairi.

Ugumu hasa umo katika nuru, kwa kuwa nuru haikubali kugawanywa kwa kumi na mbili. Mbao hupunguzwa kwa msumeno, karatasi kwa mkasi, ilhali mwanga hubaki na ukali wake. Taa ya LED iliyo ndogo kama punje ya mchele, ikiachiwa nguvu zake zote, huonekana nyuma ya karatasi kama jicho lililokodolewa: doa jeupe katikati, na kandokando hamna kitu. Fundi mwenye pupa hukiona chumba kikimeremeta, akaridhika. Alichokijenga si chumba cha usiku bali kabati la duka.

Fundi mwenye subira hukisugua kichwa cha taa kwa msasa hadi kififie, hukipaka rangi ya manjano iliyokoza, kisha hukiinamisha ili nuru igonge karatasi nyeupe kwanza ndipo irudi. Zaidi ya yote, huchagua vema kile kijiti cha kukinza umeme kinachoungwa kwenye waya. Umeme ukiwa wa volti 12, na taa ikichukua volti 3, kikinzani cha omu 450 hupitisha miliampia 20. Cha omu 4,500 hupitisha 2 tu. Vyote viwili ni vidogo, vyote hufichika. Kinachovitenga ni hukumu ya macho ya aliyechagua.

Hapa pana kejeli ya historia. Nuru hiyo nyeupe imewezekana kwa sababu ya LED ya buluu, ambayo wavumbuzi wake watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Fundi huchukua tunda la ujuzi huo mpya akalilazimisha liige utambi wa mafuta. Je, huo si udanganyifu? Tanizaki mwenyewe angeweza kutajwa kuwa shahidi wa mashtaka. Katika insha yake asimulia alivyokwenda Waranjiya, nyumba ya chakula mjini Kyoto iliyosifika kwa mishumaa, akakuta imewekwa taa za umeme zenye umbo la andon, kwa sababu wateja walilalamikia giza. Akaomba mshumaa, na katika mwanga ule hafifu ndipo vyombo vyeusi vilivyopakwa utomvu wa mti vilipomfunulia kina chake. Andon ya umeme, basi, ndicho hasa alichokikataa.

Hata hivyo alichokikataa ni mng'aro, wala si waya. Fundi wa kijumba ni mfasiri: hutumia lugha ambayo matini asilia haikuijua, na haulizwi ametumia lugha gani bali ni kitu gani kimebaki hai. Andon yake ikitoa nuru inayotosha tu kuonyesha kwamba kuna giza, amefasiri kwa uaminifu.

Lakini kijumba nacho kinaihakiki insha. Ndani yake hakuna anayeshona, anayetwanga wala anayejifungua. Kivuli chake hakimgharimu mtu. Aliyesuka ukili au kujifunza kusoma kwa kibatari anaujua moshi puani na machozi machoni; giza humpendeza zaidi mwenye uwezo wa kuliondoa. Tanizaki alilijua hilo. Mjane wake alisimulia kwamba msanifu mmoja wa majengo alimwendea akijigamba kuwa ameisoma insha ile na anajua nyumba gani ajengewe. Mwandishi akajibu kwamba katika nyumba ya namna hiyo asingeweza kuishi.

Huenda, basi, kijumba ndiyo makao yaliyoifaa insha tangu hapo. Atakayekitazama asianze kwa kutafuta taa ilipo. Aangalie kile kidaka cha heshima kiitwacho tokonoma, katika pembe yake ya ndani kabisa. Ikiwa kila kilichomo kinasomeka, kazi imeshindwa, hata kama hakuna waya hata mmoja unaoonekana.