Askari wa Mlangoni

Mlinzi wa mlangoni ni askari anayesimama penye kiingilio cha ukumbi, benki au hospitali, akiamua nani apite na nani angoje. Mengo, jijini Kampala, inaijua kazi hiyo tangu zamani: Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, lililoanzishwa mwaka 1885, lina lango kuu liitwalo Wankaaki, na lango lisilo na mlinzi si lango.

Nchini Uganda ulinzi binafsi uko chini ya kanuni za polisi za mwaka 2013. Leseni hupewa kampuni, nayo hupaswa kuwachunguza na kuwafunza askari wake kabla ya kuwapanga lindo. Uingereza, baunsa hubeba leseni yake mwenyewe, ya miaka 3, baada ya kozi na mitihani. Utaratibu huo unampa hadhi anayostahili, kwani ujuzi unabaki wake hata akihama mwajiri.

Mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 yaliua watu zaidi ya 70 Kyadondo na Kabalagala, jijini Kampala, na tangu hapo upekuzi umekuwa jambo la kawaida jijini humo. Askari hodari hutambulika kwa mikono yake. Huomba mkoba ufunguliwe, haunyakui. Hupitisha kifaa cha kutambua chuma polepole kutoka mabegani hadi vifundoni. Mwanamke hupekuliwa na askari mwanamke. Mlevi akifoka, yeye hushusha sauti. Nguvu huja mwisho kabisa, tena kwa kiasi. Asubuhi humkabidhi mwenzake lindo na daftari la matukio, hata kama usiku ulipita shwari.