Chumba cha Sinema Hupimwa Kwenye Kingo

Mwenye nyumba aliyejitengenezea chumba cha sinema huwa na hamu ya kumwonyesha mgeni mambo matatu: ukubwa wa skrini, mngurumo wa spika, na bei ya projekta, hata asipoulizwa. Mjuzi husikiliza kwa adabu, kisha huomba filamu mbili zichezwe mfululizo, moja ya zamani yenye picha inayokaribia mraba, nyingine pana.

Kwa mpenzi wa filamu za Kihindi wa pwani ya Afrika Mashariki, filamu za jaribio hilo huenda ziko kabatini tayari. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, ina umbo la 1.37 kwa 1: upana unazidi kimo kidogo tu. Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, ya 1959, ndiyo filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa CinemaScope, na upana wake umepita mara mbili ya kimo. Sholay, ya 1975, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35 kisha ikakuzwa hadi milimita 70, wenye umbo la 2.20. Maumbo matatu hayo, na projekta za nyumbani karibu zote zina umbo moja: 16 kwa 9, yaani 1.78. Hakuna hata moja kati ya filamu hizo inayoenea sawasawa humo, kwa hiyo kila chumba hulazimika kuamua kitu, na uamuzi huo ndio unaopimwa.

Kwanza, miduara. Tafuta mwezi, uso wa saa, au magurudumu ya garimoshi katika Sholay. Mwezi ukiwa umebonyea kama yai, kuna mtu amebonyeza kitufe cha rimoti kinachovuta picha ili ijaze skrini, na hakuna haja ya kuendelea na ukaguzi. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi: picha ya Awaara imekatwa juu na chini ili ienee. Tazama paji la uso la Nargis, nyota wa filamu hiyo, anapokaribiwa na kamera. Likikatwa mara kwa mara, kosa si la mpiga picha. Mara nyingine diski yenyewe ndiyo iliyokatwa, na mwenye chumba hana la kufanya ila kutafuta toleo jingine.

Swali zito linafuata: filamu pana ikianza, picha inaongezeka au inapungua?

Hollywood iliweka umbo la 1.37 kuwa kawaida mwaka 1932, baada ya sauti kuchukua sehemu ya mkanda. Miaka 20 baadaye televisheni ilikuwa inawabakiza watazamaji nyumbani, na studio zikajibu kwa upana. Cinerama ilizinduliwa New York mwaka 1952 kwa projekta tatu zilizowashwa pamoja. Mwaka uliofuata studio ya Fox ikaleta The Robe kwa CinemaScope, yaani kwa lenzi ya anamofiki iliyotokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien, yenye kubana picha wakati wa kupiga na kuitanua tena wakati wa kuonyesha. Umbo la CinemaScope lilikuwa 2.55, baadaye likawa 2.35, na leo ni 2.39. Nia ilikuwa picha itanuke kushoto na kulia bila kupoteza kimo.

Nyumba nyingi hufanya kinyume cha nia hiyo. Kwenye skrini ya 16 kwa 9 yenye upana wa mita 3, Awaara inapata kimo chote cha mita 1.69, lakini filamu ya 2.39 inabaki na mita 1.26. Filamu iliyotengenezwa iwe kubwa kuliko zote inageuka kuwa fupi kuliko zote. Ndiyo maana wapenzi wa sinema huchagua skrini yenye umbo la 2.39 na kushikilia kimo kimoja kwa kila filamu, huku upana ukibadilika: mita 3 kwa filamu pana, 2.23 kwa umbo la 16 kwa 9, na 1.72 kwa Awaara.

Njia hiyo ina gharama yake. Mechi za mpira hurushwa kwa 16 kwa 9, na kwenye skrini hiyo zitapata zaidi kidogo tu ya nusu ya eneo ambalo zingepata kwenye skrini ya 16 kwa 9 yenye upana uleule. Familia inayotazama ligi kila wikendi na filamu pana mara moja kwa mwezi haijakosea kuchagua skrini ya 16 kwa 9. Kosa ni kuchagua bila kujua nini kinapotea.

Aliyechagua kimo kimoja ana njia mbili. Ya kwanza ni kukuza picha kwa zumu hadi mikanda myeusi iangukie nje ya skrini, juu na chini. Zumu ya projekta iwe na uwezo wa angalau mara 1.34, la sivyo haitafika. Eneo la picha nzima huongezeka mara 1.8, kwa hiyo mwanga uleule unasambaa na kila sehemu inabaki na kama asilimia 55 yake. Tena, kati ya mistari 2,160 ya projekta ya 4K, filamu inatumia kama 1,607. Iliyobaki inachora weusi. Njia ya pili ni lenzi ya anamofiki, inayotumia mistari yote na kubakiza kama robo tatu ya mwanga, ukiacha kiasi kinachomezwa na kioo. Lakini lenzi ya bei nafuu hupinda kingo za juu na chini na kufifisha maandishi ya pembeni. Kwa nyumba nyingi, projekta yenye mwanga wa kutosha na kumbukumbu ya lenzi, inayohifadhi mkao wa zumu kwa kila umbo, inashinda. Jaribu kumbukumbu hiyo kwa kwenda umbo jingine na kurudi mara kadhaa: ukingo wa picha urudi palepale.

Kisha zima taa. Weusi wa projekta ni kijivu, na mikanda isiyofunikwa huwaka hafifu pembeni mwa picha usiku kucha. Paneli au mapazia ya mahameli nyeusi yanayofika hadi ukingo wa picha hufanya rangi zilezile zionekane nzito zaidi, kwa gharama ndogo kuliko kubadilisha projekta. Binafsi mwandishi huyu angenunua mahameli kwanza.

Zipo filamu zinazobadili umbo njiani. The Dark Knight, ya 2008, kwenye Blu-ray huruka kutoka 2.40 hadi 1.78 katika matukio yaliyopigwa kwa IMAX. Mwenye skrini pana anaweza kuyakata juu na chini bila aibu, kwa sababu kumbi za kawaida nazo ziliionyesha filamu yote kwa umbo pana. The Grand Budapest Hotel, ya 2014, haivumilii mkato kama huo. Wes Anderson aligawia kila kipindi cha hadithi umbo lake: 1.37, 1.85 na 2.40. Hapo paneli hufunguliwa kwa umbo la 16 kwa 9 tangu mwanzo, na mikanda inayokuja na kwenda huachwa kama ilivyo.

Mwisho, washa tafsiri. Diski nyingi za filamu pana huandika mazungumzo ndani ya mkanda mweusi wa chini, na picha ikikuzwa kwa zumu, maneno huangukia ukutani. Baadhi ya mashine za kuchezea diski zina mpangilio wa kupandisha maandishi hadi ndani ya picha. Chumba kisicho na mpangilio huo kinafaa kwa anayeelewa lugha ya kila filamu anayoicheza.