Lenzi Mpya, Hamu ya Kale

Mnunuzi wa lenzi iliyotengenezwa na Sadayasu Miyazaki, fundi wa Japani, hukuta ndani ya kisanduku karatasi iliyojaa mwandiko wa mkono: mchoro wa vioo, hesabu za mwanga, vipimo na maelezo. Aliyechora ndiye aliyebuni, ndiye aliyeunganisha vioo, na ndiye aliyeipima lenzi kabla haijatoka mezani. Lenzi zake huuzwa kwa jina la MS Optics, nazo hutoka kwa mafungu madogo sana. Kabla ya hapo, Miyazaki alijulikana kwa kuziokoa lenzi nzuri zilizofungiwa ndani ya kamera ndogo za mfukoni ambazo umeme wake ulikuwa umekufa. Alizing'oa, akazitengenezea umbo jipya la chuma, zikapata kufungwa kwenye Leica.

Perar yake ya milimita 35 ina vioo 3 tu, kwa mpangilio ambao Mwingereza Dennis Taylor aliupatia hataza mwaka 1893. Ni bapa kiasi kwamba ikishafungwa, anayeitazama kwa mbali hudhani kamera haina lenzi, imezibwa tu isiingie vumbi. Sonnetar yake ya milimita 50, yenye tundu la f/1.1, inampa mpiga picha uwezo wa kuibadilisha namna inavyochora mwanga pembezoni mwa picha, yaani achague mwenyewe kasoro anayoipenda. Ni nani katika viwanda vya leo angethubutu kumwachia mteja jambo kama hilo?

Kila mwaka kuna watu wanaosubiri lenzi za namna hii, na kusubiri kwao kunawashangaza wengine. Kamera wanazozipenda ni za renjifainda, zile ambazo haziruhusu jicho lipite ndani ya lenzi. Mpiga picha huchungulia kwenye dirisha dogo la pembeni, akaona taswira mbili za kitu kimoja, moja ikiwa imehama kidogo. Anazungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane. Hapo umbali umepatikana. Hakuna mlio wala kisanduku cha kijani kinachozunguka uso wa mtu. Aliyezoea simu ataiona kazi hiyo kuwa adha, na si rahisi kumlaumu.

Lakini adha hiyo ina malipo yake. Kwa kuwa ndani ya kamera hakuna kioo cha kuakisi kinachohitaji nafasi ya kupanda na kushuka, lenzi hukaa karibu sana na filamu. Katika Leica za M, kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 27.8 tu. Msanifu anayepewa nafasi hiyo anaweza kutengeneza lenzi ya kuenea kiganjani bila kuidhulumu picha. Max Berek alifanya hivyo mapema kabisa: kamera ndogo ya Oskar Barnack, Leica ya kwanza, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, isingekuwa chochote bila lenzi ya Berek ya milimita 50, f/3.5. Mwaka 1932 kipimo cha umbali kikaunganishwa na lenzi, na mwaka 1954 ikaja M3, ambayo mdomo wake haujabadilika hadi leo. Kisha mwaka 1959 Nikon ikatoa Nikon F, kamera yenye kioo cha kuakisi, wapiga picha wa magazeti wakahamia huko, na kilichofuata kwa renjifainda ni miaka mingi ya kupungukiwa na wateja.

Ustadi wenyewe umejificha nyuma ya lenzi, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami. Kuna pete ya chuma iliyolainishwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya kamera kuna mkono mwembamba wenye kigurudumu kidogo nchani, nao huegemea pete hiyo. Lenzi ikizungushwa, pete husogea mbele au nyuma, mkono huifuata, na taswira ya pili ndani ya dirisha huhama. Mawasiliano yote kati ya kioo na jicho yanapita hapo, kwa chuma kugusa chuma. Pete ikikosewa kwa sehemu ndogo ya milimita, mpiga picha ataona taswira mbili zimelingana vizuri, kumbe kilicholengwa vizuri ni sikio la mtu na si jicho lake.

Sasa, lenzi inayoitwa ya milimita 50 si ya milimita 50 kamili. Vioo vinayeyushwa, vinasagwa na kung'arishwa, na kila hatua inaacha tofauti yake ndogo. Mafundi wa Leitz, watengenezaji wa Leica, kule Wetzlar hawakujifanya kwamba tofauti hizo hazipo. Waliipima kila lenzi kama fundi cherehani anayempima mteja bega kabla ya kukata kitambaa, kisha wakachonga tarakimu mbili ndogo kwenye lenzi, karibu na alama ya umbali usio na mwisho. Mwenye lenzi ya zamani ya Summicron akitazama vizuri ataziona: 16, au 19, au 22. Maana yake ni kwamba lenzi hiyo ina milimita 51.6, au 51.9, au 52.2. Kwa kipimo hicho ikachaguliwa hesi itakayoisogeza lenzi kwa mwendo unaoifaa, ili pete ya nyuma iuambie mkono ukweli. Watu wamezitumia lenzi hizo miaka 40 bila kujua tarakimu zile ni za nini.

Anayedhani huo ni unyoofu wa kupita kiasi na azikumbuke lenzi za Jupiter za Umoja wa Kisovyeti. Nyingi zilitokana na Sonnar, kazi ya Ludwig Bertele kwa ajili ya kamera za Contax, na kioo chake ni cha kusifiwa. Ila zilirithi kipimo cha Contax, kinachotofautiana kidogo na cha Leica. Kwenye kamera ya nyumbani kwao zinalenga sawasawa. Zikifungwa kwenye Leica, mlima wa mbali unatoka safi, na mtu aliyekaa karibu, tundu likiwa wazi kabisa, anatoka na ukungu.

Matumaini ya lenzi mpya yalifufuliwa mwaka 1999, na waliofufua hawakuwa Wajerumani. Kampuni ya Cosina, kutoka Nakano katika mkoa wa Nagano, ilipata ruhusa ya kutumia jina la Voigtländer, nyumba iliyoanzia Vienna mwaka 1756. Mkuu wake, Hirofumi Kobayashi, alikuwa mpenzi wa kamera kabla ya kuwa mfanyabiashara, na hilo lilionekana katika uchaguzi wake wa kwanza: lenzi ya milimita 15, f/4.5, pana kuliko watu walivyozoea kuweza kuinunua, isiyounganishwa kabisa na kipimo cha umbali. Mpiga picha alikadiria hatua kwa macho, basi. Ilikuwa kichaa chenye hesabu, kwa sababu lenzi pana hivyo husamehe makosa ya kukadiria. Baada yake zikafuata nyingine nyingi, na vijana ambao wasingeweza kuigusa Leica wakapata lenzi mpya dukani kwa bei ya kuvumilika.

Mahitaji mengine yaliletwa na kamera za dijitali. Kihisi cha picha hakipendi mwanga unaokuja kwa mshazari mkali, na lenzi pana zinazokaa karibu mno zikaanza kutia rangi ya zambarau kwenye pembe za picha. Mwaka 2015 Cosina iliitoa upya ile milimita 15 katika toleo la tatu, kubwa na nzito zaidi, na rangi ile ikatulia. Huo ndio upya unaostahili jina lake: tatizo lilikuwepo, likakabiliwa na fundi.

Mengi ya yaliyofuata ni ya namna nyingine. Mwaka 2016 Leica ilirudisha Summaron ya milimita 28, f/5.6, ya miaka ya 1950. Mwaka uliofuata ikarudi Thambar, lenzi ya milimita 90 ya mwaka 1935 iliyobuniwa makusudi ili ilainishe sura za watu. Mwaka 2021 ikarudi Noctilux ya f/1.2 ya mwaka 1966. Nchini China, Light Lens Lab wameiiga Summicron ya milimita 35 yenye vioo 8 kwa bidii inayostahili heshima, hadi umbo la chuma chake. Kazi ni safi. Hata hivyo, mtu akiipanga orodha hiyo mbele yake ataona kwamba hamu ya lenzi mpya imegeuka kuwa hamu ya lenzi ya babu iliyopakwa rangi upya.

Upande wa pili kuna mashindano ya tundu. Leica ilifika f/0.95 mwaka 2008, na viwanda vya China vikaifuata kwa bei nafuu. Lenzi hizo ni nzito, na mdomo wake mpana unaingia ndani ya dirisha na kuziba pembe ya picha. Mpiga picha ananunua kamera ya kuonea pembeni, kisha anaweka kitu kinachomzuia kuona. Haya yanasifiwa kwa sababu tarakimu ndogo ni rahisi kuuza. Ndiyo maana Color-Skopar ya Cosina ya milimita 28, f/2.8, ya mwaka 2023, ilipokelewa kwa furaha na wanaojua: ndogo, isiyoingia dirishani, wala si nakala ya marehemu yeyote.

Kamera zenyewe ndizo zinazotia shaka. Konica iliacha kutengeneza renjifainda, Cosina iliacha kutengeneza zake za Bessa, na Zeiss Ikon iliyotoka katika kiwanda hichohicho nayo ikakoma. Mwaka 2025 Leica ilitoa M EV1, kamera yenye mdomo uleule wa M, lakini kitazamio chake ni skrini ndogo ya umeme. Kwa wenye macho yaliyochoka ni nafuu ya kweli. Ndani yake, hata hivyo, hakuna mkono wala kigurudumu. Lenzi zinazotoka Wetzlar na Nakano bado zina pete ya nyuma, kwa kuwa ni lazima zikubali pia M3 ya mwaka 1954. Kuichonga pete hiyo ni gharama, na siku wanunuzi wa kamera za skrini watakapokuwa wengi kuliko wengine, mhasibu wa kiwanda fulani atauliza inalipiwa kwa ajili ya nani.