Orodha na Safu: Maneno ya Programu katika Darasa la Fizikia

Kila elimu mpya iingiapo katika lugha yetu, swali la kwanza huwa ni lile lile: tutaiitaje? Wengine hutafuta neno lenye nasaba ya Kibantu au ya Kiarabu. Wengine hulipokea neno la kigeni na kulivika kanzu ya matamshi yetu. Ndivyo tulivyobishana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Makala haya hayakusudii kuufufua ubishi huo. Yataka kuonyesha kwamba yako maneno ambayo kipimo chake si usafi wala nasaba, bali ni hesabu: ama humfikisha mwanafunzi kwenye jibu la kweli, ama humpoteza njiani.

Tuchukue darasa la fizikia ambamo wanafunzi waanza kutumia lugha ya programu iitwayo Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Lugha hiyo haikuundwa kwa ajili ya fizikia. Nguvu yake katika sayansi yatokana na maktaba zake. Miongoni mwa hizo ni SciPy, iliyoanza mwaka 2001. Matplotlib ya kuchora grafu, kazi ya John Hunter, iliyotolewa mwaka 2003. Na NumPy ya Travis Oliphant, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2006. Wala si vitu vya kuchezea. NumPy ilitumika katika kuchambua mawimbi ya uvutano yaliyonaswa mwaka 2015, na katika kuunda picha ya kwanza ya shimo jeusi iliyotangazwa mwaka 2019. Mwanafunzi aanzaye leo ashika zana zile zile za mabingwa. Basi yafaa azishike kwa majina yasiyomdanganya.

Neno maktaba lenyewe lina kasoro. Mtu huenda maktaba kusoma. Lakini mwenye programu haendi kwa NumPy kusoma, bali kuazima zana zilizokwisha kutengenezwa, kama seremala aazimavyo randa badala ya kujifulia chuma chake. Hata hivyo kasoro hiyo ni ndogo. Mwalimu aweza kuieleza kwa sentensi moja, na baada ya hapo hakuna hesabu itakayoharibika. Neno limekwisha zoeleka, tuliache.

Si hivyo kwa neno orodha. Katika Python mna vitu viwili ambavyo machoni pa mgeni hufanana kabisa, kwani vyote viwili ni namba zilizopangwa mfululizo. Kimoja ni cha lugha yenyewe, na cha pili chatoka NumPy. Mfasiri mwenye haraka huviita vyote viwili orodha. Sasa mwanafunzi apewe kani mbili: ya kwanza ina vijenzi vya niutoni 3 na 4, ya pili niutoni 1 na 2. Aambiwe azijumlishe. Akitumia vitu vya NumPy atapata 4 na 6, ambalo ndilo jibu la fizikia. Akitumia vile vya kwanza atapata 3, 4, 1 na 2: namba nne zilizounganishwa mkia kwa kichwa. Na mashine haitalalamika, maana imefanya iliyoambiwa. Kani ya vijenzi viwili imekuwa na vinne, na mwanafunzi hajui alipokosea, kwa kuwa kwake vyote viwili ni orodha.

Lugha yetu ina dawa ya jambo hili, nayo haihitaji kuundwa. Orodha ni ile ya mtu aendaye dukani: unga, sabuni, na bei zake, vitu vya kila namna, na ukipewa orodha ya pili waiunga chini ya ile ya kwanza. Safu ni jambo jingine. Safu ni ya askari au ya watu waswalio: walio ndani yake ni wa namna moja, kila mmoja ana mahali pake, na amri moja huwageuza wote pamoja. Ndivyo kifanyavyo kitu cha NumPy: kwa kawaida namba zake zote ni za aina moja, na ukikizidisha kwa 2, kila namba huzidishwa. Mwenye kuelewa Kiswahili cha safu amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Lipo na jambo la alama ya usawa. Mwanafunzi aonapo t = t + 0.1 na kuisoma “t ni sawa na t kujumlisha 0.1”, amesoma uongo, na hisabati aliyofundishwa yamkataza kuukubali. Lakini Kiswahili chatofautisha ni na iwe. Asome “t na iwe t kuongeza 0.1”, na mara moja itakuwa wazi kwamba hii ni amri ya kuusogeza muda mbele, si taarifa. Python yenyewe hutumia alama mbili za usawa inapouliza kama vitu viwili ni sawa.

Yawezekana mtu akasema kwamba fizikia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, basi ubishi huu ni bure. Lakini mwalimu afafanuapo kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya wengi, huko ndiko maana ikaapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, kabla ya Python, hivyo hatuwezi kuidai maneno haya. Watakaotunga faharasa mpya ndio wadaiwa. Tunawasihi, kabla hawajapiga chapa, walijaribu kila neno mbele ya mashine pamoja na mwanafunzi mmoja aanzaye. Neno litakalompa kani yenye vijenzi vinne badala ya viwili halifai, hata likiwa na nasaba njema namna gani.